Shikamoo kabla ya karata: dila na mteja wa kila siku kwenye meza ya poka

Kila Jumamosi saa tisa alasiri sebule yangu hapa Ipagala inageuka chumba cha poka. Meza ni ile ile ya kulia chakula. Juu yake natandika kitambaa kizito cha kijani nilichonunua Soko la Majengo, nakikaza pembeni kwa vibanio vya nguo. Vijana sita wanakaa kuizunguka, wa saba anagawa. Pesa haiwekwi hata senti: harage ni elfu kumi, punje ya mahindi ni elfu tano, choroko ni elfu moja. Wote wanajiandaa kwenda Dar es Salaam kuomba kazi ya udila, yaani kugawa karata kwenye kasino. Kazi hiyo niliifanya miaka kumi na moja kabla ya kurudi nyumbani Dodoma.

Vidole vinajifunza upesi. Mtu aliyekua akicheza arubastini barazani, ndani ya wiki tatu anachanga karata 52 bila kuangusha moja. Kinachochukua miezi ni kujua namna ya kukaa na mteja anayekuja kila siku. Mgeni hana shida, mnaheshimiana kwa sababu hamjuani. Mteja wa kila siku anajua jina lako, anajua mwanao ameanza darasa la kwanza, anakumbuka siku uliyokuja kazini na mafua. Anaipenda meza yako. Na anaweza kukufukuzisha kazi bila kukusudia hata kidogo, kwa upendo huo huo. Kwa hiyo nawaandikia nyote wawili, wewe unayegawa na wewe unayegawiwa.

Naanza na salamu, maana ndilo swali la kwanza la kila mwanafunzi wangu. Mzee wa miaka sitini amekaa mbele yako, utamwamkia au hutamwamkia? Utamwamkia. Sisi hatuwezi kumkalia mzee meza moja saa nzima bila shikamoo, na hakuna kanuni ya kasino itakayotuondolea hilo. Ila ina wakati wake. Zamu ya dila ni kama nusu saa, kisha anapokelewa na mwenzake. Unamgusa bega, unasubiri amalize mchezo ulioko mezani, anapiga viganja na kuvigeuza juu na chini ili kamera ione hajabeba chipu, vile vidude vinavyosimama badala ya pesa, anaondoka. Unakaa. Hapo, kabla hujagusa karata, ndipo pa salamu: "Shikamooni wazee wangu, habari zenu wote." Macho yako yatembee kutoka kiti cha kwanza, kile cha kushoto kwako, hadi cha mwisho. Yule kijana aliyeingia leo kwa mara ya kwanza naye umtazame, kwa muda ule ule uliomtazama mzee wako.

Karata ya kwanza ikishatoka mkononi, baba amekwisha, kaka amekwisha, bosi amekwisha. Hapa Dodoma, mji wa Bunge, neno mheshimiwa limezoea midomo yetu, na vijana wangu linawaponyoka kila mara. Nalo liishie hapo. Kinachobaki ni namba: "Kiti cha tatu, zamu yako." "Kiti cha sita amepandisha, elfu ishirini," yaani ameongeza dau. Sauti moja kwa wote, ya kusikika, isiyo na haraka. Mchezo ukiisha na fungu, yaani madau yote ya katikati, likishasukumwa kwa mshindi, unaweza kumrudia mzee wako na kumuuliza hali ya mguu wake.

Najua inauma. Palikuwa na mteja wetu mmoja, mtu wa Mpwapwa, ambaye siku alipojua kwamba mimi ni Mgogo alifurahi kama aliyempata dada yake aliyepotea. Kila nikikaa ananiambia "Mbukwa", nami naitikia kwa moyo wote. Lakini akaanza kunisemesha Kigogo katikati ya mchezo, maneno ya kawaida tu, mvua imenyesha au haijanyesha. Wengine mezani hawakuelewa neno. Jiweke kwenye nafasi yao: mtu ameweka laki mbili, dila na mchezaji mwingine wanaongea lugha asiyoijua, halafu wanacheka. Vyumba vingi vya poka duniani vina kanuni ya lugha ya meza kwa sababu hiyo hiyo. Nilimwambia mbele ya wote, kwa Kiswahili, "Kaka yangu, za nyumbani tutaongea nikipumzika." Kwa wiki moja hakuniitikia. Kisha akarudi, na tangu hapo Kigogo chetu kilikuwa cha kabla ya karata.

Sasa niseme kosa langu, maana hilo ndilo lililonifanya niwe mkali hivi.

Tulikuwa na mzee aliyecheza karibu kila usiku, kiti cha saba, karibu na ukuta. Nilimwita baba. Mikono yake ilikuwa mikubwa, ya mtu aliyefanya kazi ngumu ujanani, na alizishika karata zake mbili kwa utaratibu kama anayeshika kifaranga. Usiku huo walibaki wawili tu, yeye na mgeni wa kiti cha pili. Katikati ya meza karata tano zilikuwa wazi: tatu shupaza, mbili kopa. Madau yalikwisha, ukafika wakati wa kuonyesha. Mzee akasema, "Rangi." Yaani shupaza tano, mbili zake na tatu za mezani. Hajafungua kitu, amesema tu. Mgeni akaguna, akazisukuma zake mbele zikiwa zimefunikwa, na mimi nikazivuta papo hapo, nikazichanganya na zile zilizotupwa, ambazo hazihesabiki tena.

Ndipo mzee akafungua. Moja ilikuwa shupaza kweli. Ya pili ilikuwa pau. Zote ni nyeusi, taa ilikuwa hafifu, macho yake ni ya mzee. Hakudanganya, alikosea. Hakuwa na rangi, hakuwa na hata jozi. Mgeni alikuwa na jozi, kumi mbili, ambayo tayari mimi nilikuwa nimeiua kwa mkono wangu.

Msimamizi aliitwa, kamera ikaangaliwa, fungu likaenda kwa mzee, kwa sababu mwenye karata hai mezani alikuwa yeye peke yake. Kikanuni ilikuwa hivyo, na mgeni hakubisha. Aliniuliza swali moja tu: "Kama ningesema rangi mimi, ungevuta karata zake upesi hivyo?" Sikuwa na jibu. Nilikuwa na jibu, na lilikuwa hapana.

Kwa hiyo, wewe unayegawa: kanuni inasema karata ndizo zinazosema, mdomo hausemi. Imeandikwa pia katika kanuni za TDA, chama cha waongozaji wa mashindano ya poka kilichoanzishwa Marekani mwaka 2001, ambazo vyumba vingi huzifuata. Anayedai fungu afungue karata zake zote mbili, zilale mezani, uzisome wewe mwenyewe kwa sauti. Mpaka hapo usivute karata za mtu yeyote. Zikisukumwa kwako, zizuie kwa kiganja zikae peke yake, subiri. Sekunde nne zinatosha. Na sekunde hizo wape hasa pale anayedai ni mtu unayempenda, maana pale ndipo mkono unapokimbia bila kukuuliza.

Na wewe unayegawiwa, fungua karata zako bila kutangaza. Mzee wa kiti cha saba tangu usiku ule hakusema tena "rangi" wala "jozi". Alizilaza mbili zake wazi, kimya, akanisubiri nisome.

Kuhusu tipu, yaani bakshishi ya mteja, maneno ni machache, lakini yashikwe. Mteja akishinda akakusogezea chipu, igonge mara moja kwenye ukingo wa trei isikike, sema "ahsante", itumbukize kwenye sanduku. Ahsante ya chipu ndogo na ya chipu kubwa ni ahsante moja. Mteja asiyetoa kabisa hapati uso wa pembeni, na karata zake zinamfikia kwa mwendo ule ule. Usipokee chochote nje ya meza, hata soda. Siku hizi kuna hatari ambayo sisi hatukuwa nayo mwanzoni, ya mteja kuomba namba yako ya simu ili akurushie chochote baadaye. Usiitoe. Muamala ule unabaki na jina lake na jina lako, na siku atakaposhinda fungu kubwa mezani kwako, hakuna atakayeamini kwamba ulikuwa mkono wa kawaida. Leseni yako ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha ndiyo ugali wako.

Upande wa wachezaji nina mengi zaidi, na nayasema kwa heshima, maana wengi wenu mmenilisha.

Dila hachagui karata. Tazama mikono yake: anachanganya mara mbili, anakata vifungu vifungu, anachanganya tena, kisha anakata mara moja juu ya kipande cha plastiki kinachoficha karata ya chini. Kabla ya kufungua zile tatu za kwanza katikati anachoma moja, yaani anaiweka kando ikiwa imefunikwa, kabla ya ile ya nne anachoma moja, na kabla ya ya tano vile vile. Utaratibu wote huo upo ili asiwe na uwezo wa kukupendelea wala kukukomoa. Kwa hiyo unapomtupia karata usoni au kumwambia "una mkosi wewe", unamlaumu mtu ambaye ametumia nusu saa nzima kuhakikisha haingilii bahati yako. Niliwahi kukatwa ngozi juu ya jicho kwa ukingo wa karata iliyorushwa. Aliyeirusha alikuwa mteja wangu wa miaka minne. Mgeni asingethubutu.

Ukiona dila amekosea, sema mara moja na kwa sauti ya kawaida: "Dada, hebu angalia tena hilo fungu." Sema kabla mchezo unaofuata haujaanza kuchanganywa, baada ya hapo hakuna wa kurekebisha. Akishindwa, mwombe amwite msimamizi. Yeye si hakimu, na kumwita msimamizi si kumshitaki. Mimi nilifurahi kila nilipoitiwa, maana mzigo ulihama.

Dau lako liweke mbele yako kwa mrundo nadhifu, usilimwage kwenye fungu la katikati, kwani dila hatajua umeweka kiasi gani. Ukitaka kupandisha, tamka kwanza. Ukiweka chipu moja kubwa bila kusema neno, inahesabika umefuata tu, yaani umelingana na dau lililotangulia, hata kama moyoni ulikusudia kupandisha. Wateja wa zamani wananung'unika kwamba "dila ananijua, anajua nilitaka kupandisha". Ndiyo, anakujua. Ndiyo maana hawezi kukuhukumu kwa anachokijua, ila kwa ulichoweka.

Na tafadhali, mgeni akikosea zamu, usimcheke wala usimfundishe katikati ya mchezo. Mwachie dila. Kila anayecheza anacheza peke yake. Ukimnong'oneza "tupa hizo" umeingiza mkono wako kwenye pesa za watu wengine.

Kuna usiku mteja wako wa kila siku atakuomba umkopeshe nauli, au atasema ada ya mtoto imekwenda. Usimkopeshe, na usimhubirie mbele ya watu. Mwambie msimamizi kwa siri kwamba mtu huyu apumzishwe, na mwambie siku hiyo hiyo. Nimeona wanaume wazima wakitoka alfajiri bila viatu vya heshima walivyoingia navyo, na sisi sote tulikuwa tumekaa kimya kwa sababu walikuwa wateja wazuri. Hilo sijalisahau.

Mwisho, nje ya kasino. Mwaka jana nilikuwa kwenye treni ya umeme nikitoka Dar, na viti vitatu mbele yangu alikaa mteja wangu wa zamani, na mkewe, na mabinti zake wawili. Alikuwa wa kiti cha nne, mtu wa kupandisha sana. Tuligongana macho Morogoro, abiria walipokuwa wakishuka. Sikutabasamu, sikuinua mkono. Sijui mkewe anajua nini, na si kazi yangu kumjulisha. Niligeukia dirishani nikaangalia milima ya Uluguru. Tulipofika stesheni ya Dodoma, usiku, upepo wetu ule wa vumbi ukivuma, yeye ndiye aliyekuja akiwa na mkewe. "Mama fulani," akamwambia, "huyu dada tulifahamiana Dar." Nikamwamkia mkewe kwanza. Kisha nikamwitikia yeye, nikachukua begi langu, nikatafuta bajaji ya Ipagala.