Kizunguzungu, choo kigumu na magoti ya mzee: anza na chupa ya maji

Dodoma tuna msimu mmoja wa mvua, kwa kawaida Desemba hadi Aprili. Baada ya hapo ni jua, upepo na vumbi, na ikifika Juni asubuhi zinakuwa baridi. Miezi hiyo ndiyo malalamiko ya wazee huongezeka: kichwa kinazunguka akiinuka, choo hakijatoka siku ya nne, magoti yamekaza. Familia hukimbilia duka la dawa na kurudi na dawa tatu, moja kwa kila lalamiko. Kabla ya kununua chochote, angalia anakunywa maji kiasi gani, kwa sababu kizunguzungu na choo kigumu mara nyingi huanzia hapo.

Umri ukisogea, kiu hupungua hata kama mwili umekauka. Tena choo kiko uani, usiku ni giza, kwa hiyo mzee anajinyima maji ili asiamke. Ukimwuliza, "Bibi, umekunywa maji leo?" atasema amekunywa, na hadanganyi. Amekunywa mafunda mawili ya kumezea dawa.

Hatua ya 1: Pima kwa chupa

Chukua chupa ya lita moja na nusu, ijaze asubuhi maji safi yaliyochemshwa, kisha igawe sehemu tatu kwa kufunga uzi au kubandika utepe. Sehemu ya juu iishe kabla ya saa nne asubuhi, ya kati kabla ya saa nane mchana, ya chini kabla ya saa kumi na mbili jioni. Hivyo usiku hatasumbuka sana na mkojo. Mpe nusu kikombe mara nyingi. Ukimpa jagi zima kwa mkupuo atachoka na kuliacha. Uji na chai navyo ni maji, kwa hiyo kikibaki kidogo usigombane naye. Visima vingi vya huku vina maji ya chumvichumvi. Akiyakataa, kamulia ndimu au mpe juisi ya ubuyu isiyo na sukari nyingi.

Mzee mwenye ugonjwa wa moyo au figo hafuati chupa hii. Kiasi chake anapanga daktari wake.

Kujua kama anapata maji ya kutosha, tazama mkojo. Njano hafifu ni vizuri. Ukifanana na chai ya rangi, bado. Kubana ngozi ya mkono kuona kama inarudi haraka hakufai kwa mzee, maana ngozi yake imelegea kwa umri. Mwangalie ulimi na ndani ya mashavu kama pamekauka.

Akiharisha, maji matupu hayatoshi. Pakiti moja ya ORS (unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini) huchanganywa na ujazo ulioandikwa juu yake, mara nyingi lita moja kamili. Kama huna pakiti: lita moja ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vimesawazishwa juu kwa mgongo wa kisu. Kosa kubwa ni kijiko cha kilima: chumvi ikizidi inamdhuru. Usichemshe baada ya kuchanganya, na kilichobaki baada ya saa 24 kimwagwe.

Hatua ya 2: Choo kigumu

Kukosa choo siku moja si ugonjwa. Tunahesabu kuwa amefunga choo akienda chini ya mara tatu kwa wiki, au kikitoka kigumu kwa kukamua.

Asubuhi mpe kikombe cha maji ya vuguvugu, kisha uji. Nusu saa baada ya kula mpeleke chooni hata kama hajasikia haja, kwa sababu tumbo likipokea chakula utumbo mpana huamka. Huo ndio wakati wa kuutumia, na ukimpita kila siku, utumbo unazoea kunyamaza. Choo cha kuchuchumaa kinamtesa mwenye magoti mabovu, hivyo huahirisha. Fundi seremala anaweza kutengeneza kiti imara chenye tundu la kuweka juu ya shimo, chenye sehemu za kushika pande zote mbili. Akikaa, mwekee kigoda chini ya miguu ili magoti yapande juu ya nyonga. Mkao huo hurahisisha choo kutoka.

Kwenye chakula, ugali wa uwele, mtama au dona ni bora kuliko sembe nyeupe, na mlenda ule karibu kila siku. Ongeza papai likipatikana. Ongeza polepole na maji yaende sambamba, la sivyo tumbo litajaa gesi tu.

Kagua pia dawa zake. Vidonge vya madini ya chuma, dawa za maumivu zenye kodeini na baadhi ya dawa za presha, amlodipine ikiwemo, huweza kufunga choo. Usizikatishe mwenyewe, mwambie aliyeziandika.

Kuna jambo linalowapotosha wengi. Mzee aliyefunga choo kwa siku nyingi anaweza kuanza kuvuja choo cha majimaji, kwa sababu maji hupenya pembeni ya choo kigumu kilichoziba. Familia ikidhani anaharisha na kumpa dawa ya kufunga tumbo, hali inakuwa mbaya zaidi. Ukiona hivyo, zahanati. Vilevile ukiona damu, anapungua uzito, au tumbo limevimba, anatapika na hata upepo hautoki: hilo la mwisho ni la kwenda hospitali saa hiyo hiyo. Na tunaomba sana, msimwingizie maji ya sabuni ya unga kwa njia ya haja kubwa. Yanaunguza utumbo.

Hatua ya 3: Kizunguzungu akiinuka

Kama mna mashine ya presha, apumzike amelala dakika 5, mpime. Kisha asimame, mtu amshike, mpime tena dakika ya 1 na ya 3. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10, andikeni vipimo hivyo na mvipeleke kliniki. Huenda dozi ya presha inahitaji kupunguzwa.

Kila akiamka: akae ukingoni mwa kitanda dakika mbili, akunje na kukunjua nyayo mara kumi, ndipo asimame akiwa ameshika kitu.

Kizunguzungu cha ghafla pamoja na mdomo kwenda upande, mkono kulegea au maneno kukwama ni dalili za kiharusi. Msingoje asubuhi.

Hatua ya 4: Magoti

Diclofenac na ibuprofen zinauzwa kama karanga, lakini kwa mzee zinaweza kutoboa tumbo, kuumiza figo na kupandisha presha. Anza na parasetamoli ya miligramu 500: kidonge kimoja, au viwili kama ana mwili wa kutosha, kila baada ya saa 6. Mzee mwembamba asizidishe vidonge 4 kwa siku. Soma na pakiti za dawa za mafua, nyingi zina parasetamoli ndani.

Akikaa kitini, anyooshe mguu mmoja mbele, ahesabu hadi tano, ashushe. Mara kumi kila mguu, asubuhi na jioni. Msuli wa paja ukipata nguvu, goti hupumua.

Fimbo ishikwe upande wa mguu mzima, si upande wa goti linalouma, na itangulie pamoja na mguu mbovu. Urefu wake: asimame amevaa viatu vyake, mikono ikining'inia, na kishikio kifike kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono. Ikizidi, ikatwe, kisha ivalishwe raba chini ili isiteleze kwenye sakafu ya saruji.