Namna ya Kuchagua Zana za Kupima Programu katika Taasisi

Kabla ya kuomba bei ya zana yoyote, soma kumbukumbu za dawati la msaada za miezi sita iliyopita, kwa kuwa kasoro zilizokwisha kuwasumbua watumiaji ndizo zinazoonyesha kinachohitaji kupimwa. Katika taasisi moja hapa Dodoma, fomu ya maombi iliwakataa wakazi wa kata ya Ng'hong'onha kwa sababu mfumo haukuikubali ritifaa (alama ya ') iliyomo katika jina la kata yao. Kasoro hiyo haikuhitaji leseni ya gharama. Ilihitaji mpimaji anayeyajua majina ya huku.

Zana hazifanyi kazi moja. Selenium, iliyoanza mwaka 2004, huendesha kivinjari na kubofya vitufe kama afanyavyo mtumiaji, ilhali Apache JMeter huielekezea seva maombi mengi kwa wakati mmoja bila kuendesha JavaScript ya ukurasa, yaani msimbo unaoviwezesha vitufe kufanya kazi ndani ya kivinjari. Hivyo JMeter itakuonyesha kama seva inahimili msongamano wa mwisho wa mwezi, lakini haitakuambia kwamba kitufe cha "Lipa" hakibofyeki. Zote mbili ni za bure, ingawa mshahara wa anayeandika hati za majaribio (maagizo ambayo zana huyafuata hatua kwa hatua) na kuzirekebisha kila ukurasa unapobadilika si wa bure, na jambo hili husahaulika mno kwenye bajeti.

Ukishapata zana mbili zinazofaa (tano ni fujo), wape watumishi wako wenyewe, wala si wawakilishi wa muuzaji, wiki mbili za kuzijaribu kwenye ukurasa wenu msumbufu kuliko zote. Tuseme mteja amebofya "Lipa" mara mbili mtandao ukiwa mzito: je, mfumo umetoa namba moja ya malipo au mbili? Rudieni jaribio hilo mara ishirini bila kubadilisha chochote. Likifaulu mara hii na kufeli mara ile, huenda hati haikuusubiri ukurasa umalize kufunguka. Playwright, zana nyingine ya kuendesha kivinjari, husubiri yenyewe kitufe kiwe tayari, wakati katika Selenium kwa kawaida mwandishi ndiye anayeelekeza kusubiri huko.

Tumieni taarifa za kubuni, si za wateja halisi, kwani Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 haiachi kuwahusu kwa sababu tu mnafanya majaribio. Iwapo zana huhifadhi matokeo kwenye seva za nje ya nchi, mwanasheria wa taasisi ahusishwe kabla ya zabuni. Muuzaji naye aonyeshe, ndani ya wiki hizo mbili, jinsi mtakavyohamisha majaribio yenu leseni ikiisha. Akishindwa, mwondoeni kwenye orodha.