Kuku amekufa ghafla? Usimfukie kwanza

Ukimkuta kuku amekufa bila dalili, mzoga huo ndio ushahidi wako mkubwa. Usimchinje wala kumla, na usimtupie mbwa. Vaa glavu, mtie kwenye mifuko miwili ya plastiki, uifunge vizuri, kisha mweke kwenye ubaridi wa nyuzi 4 hivi, mbali na chakula cha watu. Usimgandishe: barafu hupasua chembe za nyama na daktari hukosa cha kusoma. Mfikishe maabara ya mifugo ndani ya saa 24. Mzoga ulioachwa juani huoza upesi, na ini likishageuka kijani halisemi kitu tena.

Kabla ya kufunga mfuko, mtazame. Upanga wa kichwani wa zambarau, kinyesi cha kijani, na wengine wanakufa siku hizohizo: shuku mdondo (kideri) au mafua ya ndege, magonjwa ya virusi. Toa taarifa kwa ofisa mifugo mara moja, usiuze wala kuhamisha hata mmoja. Vifaranga wa wiki 3 hadi 6 wenye kinyesi cha damu, fikiria koksidia, vimelea vya utumbo. Mtagaji mnene aliyekufa peke yake, upanga umepauka, mara nyingi ini lenye mafuta limepasuka na damu kujaa tumboni. Hapo punguza mahindi, chanjo haisaidii.

Antibiotiki ya kubahatisha kwenye maji haiui kirusi, na inaweza kuficha bakteria ambao maabara ingewaona. Andika umri, chanjo na tarehe zake, chakula kipya, sumu ya panya iliyowekwa karibuni. Daktari atauliza yote hayo.