Alps na watoto: anzieni juu, mshuke

Wazazi mnaopanga kwenda Alps za Uswisi na watoto, msianze kupanda kwa miguu toka bondeni, mtawachosha bure. Chukueni gari la kebo kutoka vijiji vya Wengen au Grindelwald hadi kilima cha Männlichen, mita 2,200 na ushee juu ya usawa wa bahari, halafu mtembee mpaka Kleine Scheidegg, penye kituo cha treni, kama kilomita 4 na nusu hivi, njia karibu yote inateremka polepole na mbele yenu vilele vya Eiger, Mönch na Jungfrau, yaani raha tupu! Saa moja na nusu inatosha ila wenye wadogo ongezeni muda, maana pale Männlichen kuna uwanja wa michezo na hawatataka kuondoka. Kurudi ni treni. Sweta bebeni hata Julai, na kofia pia, jua la huko juu linachoma.