Mwanasaikolojia au daktari wa akili: uanzie wapi mtu wako akianza kubadilika

Mdogo wangu alipougua mara ya kwanza tulipoteza karibu miezi miwili nyumbani kwa sababu hatukujua kwamba mwanasaikolojia na daktari wa magonjwa ya akili ni watu wawili tofauti. Kijana halali, anaongea toka alfajiri mpaka usiku wa manane, anagawa hela ya mtaji wa duka kwa watu wa mtaani, anasema ameoneshwa kazi kubwa ya kuifanyia nchi, na sisi kila Jumamosi tunampeleka kwa mshauri akaongee. Kuongea! Mtu ambaye hajalala siku nne. Na yule mshauri hakutuambia hata mara moja twende hospitali, alikuwa anapanga tu siku nyingine ya kurudi. Ndo maana naandika hii.

Majina yenyewe ya kizungu, saikolojisti na saikayatristi, yanafanana kwa hiyo kuchanganya ni rahisi. Saikayatristi ni daktari kabisa. Hapa Tanzania anasoma udaktari miaka 5, anafanya intanishipu mwaka 1, alafu anarudi chuo miaka 3 mingine kusomea magonjwa ya akili tu. Kwa hiyo anaweza kukupima damu, kukuandikia dawa na kukulaza wodini. Mwanasaikolojia hakusoma udaktari, kasomea akili na tabia za watu, na anayetibu wagonjwa anatakiwa awe na mastaz ya saikolojia tiba juu ya digrii ya kwanza. Haandiki dawa. Tiba yake ni mazungumzo, ila sio yale ya kibarazani, mnakaa dakika 45 mpaka saa 1, kuna mpangilio, na anakupa kazi ya kufanya nyumbani, mfano uandike kila ukishikwa na hofu ulikuwa wapi, uliwaza nini, nini kilitokea kweli, mkikutana tena mnayachambua.

Sasa uanzie wapi. Usianze na cheo cha mtu, angalia unachokiona kwa mgonjwa wako.

Nenda hospitali, tena mapema, kama anasikia sauti ambazo nyie hamzisikii, anaamini watu wanamfuatilia au wanamwekea sumu, hajalala siku kadhaa na wala hachoki, ameacha kula na kuoga, au amebadilika ghafla mpaka humtambui. Mama aliyejifungua majuzi akianza kuongea visivyoeleweka au kumuogopa mwanae, huyo ni wa kupeleka siku hiyo hiyo. Na mtu akisema anataka kufa usimwambie aache utani, muulize wazi kama amepanga kujiua, kumuuliza hakumpi wazo jipya, usimwache peke yake, ondoa sumu ya panya na vidonge vilivyomo ndani, mpeleke idara ya dharura ya hospitali iliyo karibu hata kama ni usiku.

Sababu ya kuanza na daktari kwenye hali kama hizi sio dawa peke yake. Kuna magonjwa ya mwili yanayojificha kwenye akili. Malaria iliyopanda kichwani inaweza kumfanya mtu aweweseke, sukari ikishuka hivyo hivyo, VVU na kaswende ya muda mrefu vinaweza kugusa ubongo, tezi ya shingoni ikizidisha kazi unapata mapigo ya moyo ya kasi na wasiwasi ukadhani ni stresi. Mdogo wangu walimpima damu kwanza kabla ya kutuambia ni bipola, yaani ugonjwa unaompandisha mtu hisia kupita kiasi na wakati mwingine kumshusha kabisa, na daktari swali lake la kwanza lilikuwa moja tu, hajalala siku ngapi? Mi nililia pale pale kwenye benchi, maana hilo swali ndo tulikuwa tunalisubiri wiki zote zile.

Kwa mwanasaikolojia unaweza kuanza moja kwa moja kama unajua kabisa wewe ni nani na uko wapi ila moyoni kumekuelemea. Msiba, talaka, kubakwa, ajali inayojirudia kichwani, hofu ya kusimama mbele za watu, ugomvi wa ndoa, kazi imekukalia shingoni. Rafiki yangu aliyefiwa na mume alikuwa anapewa vidonge vya usingizi tu, akawa analala ndio lakini akiamka msiba uko pale pale, na kilichomsaidia ni kukaa na mtu anayejua kazi yake akaongelea zile siku za mwisho za mumewe ambazo hakuna ndugu alitaka kuzisikia.

Sonona, ile huzuni nzito isiyoisha, iko katikati hapo. Ikiwa nyepesi mazungumzo peke yake yanaweza kutosha, ikiwa nzito mpaka mtu hatoki kitandani mara nyingi anahitaji vyote viwili. Wala kwenda kwa mmoja hakukufungii mlango wa mwingine. Mdogo wangu alianza na dawa, akili ilipotulia ndo akapelekwa kwa mwanasaikolojia, wakawa wanafanyia kazi dalili za mwanzo, kwake ni usingizi kupungua na kununua vitu hovyo, sasa hivi akiona siku mbili hajalala vizuri anasema mwenyewe.

Mabingwa ni wachache na wengi wako miji mikubwa, kwa hiyo ukiwa mkoani ulizia kliniki ya afya ya akili hospitali ya rufaa ya mkoa, pengine utakutana na daktari wa kawaida au nesi wa afya ya akili, usidharau, anaweza kuanza matibabu na kukupa rufaa kwenda Muhimbili au Mirembe pale Dodoma. Najua jina Mirembe watu wanalitumia kutukanana toka shule ya msingi na linawatisha wazazi. Ni hospitali. Watu wanaingia, wanatibiwa, wanatoka.

Siku ya kwanza nenda na mtu anayeishi na mgonjwa, beba dawa zote anazotumia, za kienyeji pia, na usifiche bangi wala pombe, daktari sio polisi. Andika kwenye daftari lini ilianza na nini kilitangulia. Kwa anayejiita mwanasaikolojia muulize bila aibu kasoma nini, chuo gani, na mtu akizidiwa anampeleka wapi. Asipokuwa na jibu la hilo la mwisho, ondoka.

Kuhusu dawa, nyingi za sonona zinachukua wiki 2 mpaka 4 au zaidi kuonesha nafuu, usiache siku ya tano ukasema hazifanyi kazi. Haloperidol, dawa wanayopewa wanaosikia sauti au waliochanganyikiwa, inaweza kukaza shingo na taya au kupindisha macho juu, familia nyingi zikiona hivyo zinasema karogwa na zinakimbia na mgonjwa, kumbe ni madhara ya dawa yanayotibika hospitali kwa haraka, rudi siku hiyo hiyo. Dada au mke mwenye mpango wa kuzaa amwambie daktari kabla, kuna dawa kama sodium valproate zinamdhuru mtoto tumboni. Na usikatishe ghafla kwa sababu mtu amepona machoni pako, sisi tulifanya hivyo mara moja baada ya kuambiwa na watu tumuombee tu, maombi tuliendelea nayo na bado tunaendelea, lakini dawa zilipokatwa alirudi kule kule ndani ya wiki tatu. Siku hizi tukisafiri kwenda msibani kijijini dawa zake za mwezi mzima zinaingia kwenye begi kabla ya nguo.