Jinsi ya kukusanya kadi za Ken Griffey Jr. bila kupigwa

Mtoto wa dada yangu huku Tacoma kaniganda anataka kuanza kukusanya kadi za Griffey, yule mchezaji wa besiboli wa Seattle Mariners (zile kadi za picha za wachezaji), sasa nimeona niandike kabisa maana maswali yake ndo ya kila mtu.

1. Jiwekee mpaka. Jamaa kacheza 1989 hadi 2010, kadi zake huwezi kuzimaliza hata uuze gari. Anza na za msimu wake wa kwanza, yaani 1989, nazitaja kwa jina la seti na namba ya kadi: Upper Deck namba 1, Donruss namba 33, Fleer namba 548, Bowman namba 220 na Topps Traded, ile seti ya nyongeza ya Topps. Kwenye seti ya kawaida ya Topps ya mwaka huo usimtafute, hayumo. Za Cincinnati, timu aliyohamia baadaye, ziache mpaka mwisho ukipenda, mimi hazinisisimui.

2. Nunua kadi yenyewe, achana na maboksi ambayo hayajafunguliwa. Enzi zile zilichapwa kadi nyingi kupita kiasi, ndo maana Donruss na Fleer mpaka leo ni bei chee.

3. Kagua Upper Deck. Hapa usiwe na haraka, maana hii ndo kila mtu anaitaka na ndo inayofojiwa. Kwanza nunua kadi yoyote ya mchezaji asiyejulikana kutoka seti hiyohiyo ya Upper Deck 1989, ni senti tu, halafu iwe kipimo chako: karatasi ile ile, hologramu ile ile nyuma. Ziweke pamoja kwenye mwanga uzigeuzegeuze, hologramu ya kweli inabadilika, ya feki mara nyingi inang'aa tu kama karatasi ya chokoleti. Chukua lenzi ya kukuzia uangalie maandishi, wino mweusi unatakiwa uwe mzito umejaa, ukiona herufi zimeundwa na vidoti vidoti kimbia. Kofia ikikushtua rangi yake usiogope, picha alipigwa akiwa San Bernardino kwenye ligi ndogo wakaipaka rangi za Mariners, kwa hiyo hiyo siyo dalili ya feki. Halafu zipandanishe hizo mbili uone kingo, kuna watu wanakata pembeni ili kona zilizochakaa zionekane mpya, ikiwa fupi au nyembamba kuliko mwenzie iache. Na hata kama imo ndani ya kasha la PSA, kampuni inayokagua kadi na kuzipa alama, ingiza namba iliyoandikwa kwenye kasha kwenye tovuti yao, kasha nalo linafojiwa. Muuzaji anayekataa kutuma picha ya nyuma? Mimi hata simjibu.

4. Zenye sahihi: zilizohakikiwa tu. Stori za mjomba aliyekutana naye uwanjani hazihesabiki.

5. Hifadhi. Kimfuko laini kwanza, kisha plastiki ngumu. Ila Bowman ya 1989 ni ndefu kuliko nyingine kwa robo inchi, kwenye plastiki ya kawaida kichwa kitabaki nje kipigwe, agiza za saizi yake.