Ukipuuzwa kliniki ya wajawazito: uliza namba, na zikitajwa ziandikwe

Mjamzito anaingia chumba cha kliniki, anasema kichwa kinamuuma tangu juzi, anajibiwa: "Mimba ndivyo zilivyo, mama, kunywa maji." Kadi inafungwa, anaitwa mwingine. Hapo yametokea mambo mawili. La kwanza ni lugha, kwamba amejibiwa kwa namna ya kumtia haya ya kuuliza tena. La pili ni kwamba presha haikupimwa. Lugha mbaya ina mahali pa kushtakiwa na tutafika huko. Presha isiyopimwa haisubiri barua, kwa hiyo tuanze nayo.

Neno "kidogo" liache nyumbani

Tumelelewa kupunguza makali ya maneno. Mtu ana maumivu yaliyomkesha, akiulizwa hali anasema, "Naumwa kidogo tu, tunamshukuru Mungu." Nesi mwenye foleni iliyofika mlangoni ameyasikia maneno hayo tangu saa mbili asubuhi na sikio lake limeshazoea kuyapita. Ukisema "najisikia vibaya" au "mwili hauna nguvu", umesema kile kile alichosema aliyekutangulia.

Usiku wa kuamkia kliniki, andika kwenye simu au karatasi mambo manne: nini, wapi, tangu lini, mara ngapi. Kwa mfano: "Kichwa, mbele na juu ya macho, tangu Jumapili jioni. Nimemeza Panadol mara 3, hakijatulia. Jana nimeona vimulimuli mara 2." Maneno hayo yanasemwa kwa sekunde kumi na tano, na mhudumu yeyote aliyefunzwa akiyasikia mkono wake unaenda kwenye mashine ya presha.

Yaseme unapokabidhi kadi. Wengi hulibakiza kubwa lao hadi wanaponyanyuka kuondoka, wakiwa wameshika kitasa: "Ee, sista, halafu na mtoto siku hizi hachezi sana." Kwa wakati huo mhudumu ameshafunga hesabu yako kichwani.

Na usianze na "nimesoma mtandaoni". Mazungumzo yatageuka kuwa ya mtandao, na mwili wako utasahaulika.

Presha: ngapi kwa ngapi?

"Presha iko sawa" ni maoni. Jibu ni namba mbili. Uliza, "Ni ngapi kwa ngapi, dokta?" kisha tazama kama imeandikwa kwenye safu ya siku hiyo. Baada ya wiki 20 za mimba, 140 kwa 90 au zaidi haipiti hivi hivi: inarudiwa, na mkojo unapimwa protini, kwa sababu ndiyo njia ya kukitambua kifafa cha mimba, ugonjwa unaoanza na presha kupanda, kabla hakijafika kwenye degedege. Ikifika 160 kwa 110 ni dharura ya saa hiyo hiyo, na kurudishwa nyumbani na Panadol si matibabu yake. Linganisha pia na presha ya hudhurio la kwanza. Aliyeanza na 95 kwa 60 na leo ana 135 kwa 85 hajavuka mpaka, lakini amepanda sana. Mwambie mhudumu aone safu zote mbili.

Namba nayo hudanganya ikipimwa ovyo. Kaa kwenye kiti chenye mgongo kwa dakika 5, miguu chini bila kukunja nne, mkono umeegemezwa usawa wa moyo, na usizungumze. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene hutoa presha ya juu isiyo ya kweli. Mkubwa kwenye mkono mwembamba huishusha. Ukiwa umetembea juani kutoka kituo cha daladala na ukapimwa umesimama, omba kwa upole urudiwe.

Mkojo wa kupima protini uwe wa katikati: mwaga wa mwanzo, kisha kinga. Ute wa ukeni ukiingia kwenye kikopo unaweza kuonyesha protini isiyotoka kwenye figo, na hapo ndipo mtu hupewa majibu mawili yasiyofanana akadhani anachezewa. Wingi wa damu chini ya 11 ni upungufu, na chini ya 7 ni upungufu mkali. Hapo pia uliza namba.

Tumbo ni kubwa, onyesha kwa kidole

"Tumbo linauma" ndiyo sentensi inayopuuzwa kuliko zote, na kosa ni la pande mbili. Weka kidole mahali penyewe. Maumivu ya chembe cha moyo, au chini ya mbavu za kulia, ndiyo hasa yanayotolewa dawa ya kiungulia. Tofauti yake ni hii: kiungulia huwaka, hupanda kifuani hadi kooni, huja baada ya kula au ukilala chali, na hupungua ukikaa. Maumivu ya kifafa cha mimba hukaza palepale, hayajali umekula au la, na mara nyingi yanaongozana na kichwa, kutapika au macho kuona ukungu. Ukipewa dawa ya kiungulia bila kupimwa presha, sema: "Nitameza, dokta, lakini naomba presha na mkojo kwanza."

Miguu kuvimba kwa kweli mara nyingi ni kawaida, na nesi anayekuambia hivyo hakudharau. Uso kuvimba ghafla, au pete kukataa kutoka kidoleni ilhali wiki iliyopita ilikuwa inatoka, ni habari nyingine. Ile ya pete itaje hivyo hivyo, inaeleweka haraka.

Mtoto hachezi

Kuanzia wiki ya 28 ijue tabia ya mwanao: huamka saa ngapi, hutulia lini. Ukiona amepungua, lala ubavu wa kushoto mahali tulivu uhesabu. Ndani ya saa mbili usipofikisha michezo 10, nenda kituoni muda huo huo, hata kama ni saa nane za usiku na hata kama jana waliona ni wasiwasi wa mimba ya kwanza. Ukifika usiseme "namsikia kwa mbali". Sema, "Nimehesabu tangu saa mbili hadi saa nne, amecheza mara 3." Anachotakiwa kufanya mhudumu ni kusikiliza mapigo ya moyo wa mtoto na kuandika idadi yake. Kawaida ni 110 hadi 160 kwa dakika. Kauli ya "mtoto yupo" bila namba haitoshi.

Sentensi ya kadi

Umeeleza vizuri, umeomba kipimo, umekataliwa. Usipandishe sauti, kwa sababu ukifoka habari itakuwa ni kufoka kwako. Sema hivi, polepole:

"Sawa dokta. Basi naomba uniandikie kwenye kadi kwamba nimelalamika kichwa siku 3 na macho kuona vimulimuli, na kwamba leo presha haikupimwa."

Ina nguvu kwa sababu kadi inasomwa na watu wengine: nesi wa zamu ijayo, daktari wa hospitali ya rufaa, na mkaguzi likitokea la kutokea. Anayeandika na kuweka sahihi amebeba dhamana. Aghalabu kalamu haifiki kwenye karatasi. Mashine inatolewa na unapimwa. Kama kifaa ni kibovu au vitepe vya mkojo vimeisha, na hilo hutokea sana zahanati, omba jambo moja tu: barua ya rufaa au maelekezo ya wapi utapimwa leo hii.

Piga picha kurasa za kadi kila baada ya hudhurio. Kadi hulowa, hupotea, na mara moja moja hubaki mezani kwa mtu.

Ukiweza, nenda na mtu: mume, dada, shangazi. Mpangie kazi yake kabla. Anayezungumza sana humfanya daktari azungumze naye, na wewe mwenye mimba unageuka mzigo ulioletwa. Kazi yake ni kukaa kimya, kukumbuka namba, na kusema sentensi moja ukikwama: "Dokta, hajakuambia kuhusu macho."

Ngazi za siku hiyo hiyo

Mhudumu akikataa mara ya pili, toka chumbani lakini usiende nyumbani. Muulizie muuguzi kiongozi wa zamu, au matroni kwenye hospitali kubwa. Mwambie dalili kwanza, malalamiko baadaye: "Shikamoo mama. Nina wiki 34, kichwa siku 3, sijapimwa presha. Naomba nipimwe kabla sijaondoka." Ukianza na "yule pale ananidharau", atalazimika kuamua kati yako na mwenzake wa kazi, na unajua ataamua vipi. Akishindwa, nenda kwa mganga mfawidhi, yaani mkuu wa kituo. Hapo napo ikishindikana, chukua kadi yako uende kituo kingine. Huhitaji ruhusa ya mtu kupimwa presha mahali pengine, ingawa kwenye hospitali ya ngazi ya juu bila barua ya rufaa unaweza kulipishwa, au bima ikagoma.

Kuna dalili ambazo ngazi hizi si zake: damu ukeni, degedege, kupumua kwa shida, homa kali, kichwa kikali na macho kuona ukungu, chupa kupasuka kabla ya wakati, maumivu ya tumbo yasiyoachia. Hizo ni za kwenda mara moja hospitali yenye chumba cha upasuaji. Tanzania piga 115, namba ya bure ya usafiri wa dharura wa m-mama kwa wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga.

Pazia, mikono na ruhusa

Kupimwa njia ya uzazi bila kuelezwa ni dharau hata kama mhudumu ana tabasamu. Kabla hujapanda kitandani uliza, "Unapima nini, na kwa nini leo?" Una haki ya pazia, ya kufunikwa sehemu isiyopimwa, na ya kusema "subiri kwanza" katikati. Mtaalamu ni mwanamume nawe huna raha? Omba mkunga wa kike, na kama hayupo omba nesi wa kike awemo chumbani. Kwa wengi wa pwani na visiwani hili si dogo, na kuliomba mapema, wakati wa kuandikisha, ni rahisi kuliko ukiwa umeshalala. Wanafunzi wa udaktari wakiwa wengi, unaweza kukubali mmoja ukakataa kundi.

Kushtaki lugha na matendo

Si kila ufupi ni dharau. Nesi mmoja mwenye foleni ndefu atakujibu kwa neno moja, na akikupimia vyote huyo amekutendea haki. Kinachoshtakiwa ni matusi, kofi, kudhalilishwa mbele za watu, kuachwa bila huduma, kudaiwa pesa isiyo na risiti, siri yako kutangazwa foleni nzima.

Andika siku hiyo hiyo ukiwa bado unakumbuka, lakini barua ipeleke ukishatulia. Utafiti uliofanywa kwenye vituo vya mkoa wa Tanga uliwauliza wanawake waliojifungua wakiwa wanatoka kituoni, kisha wakaulizwa tena wiki kadhaa baadaye: waliosema walitendewa vibaya walikuwa kama 19 katika kila 100 pale mlangoni, na walipofuatwa tena wakawa 28. Mlangoni mtu ana mtoto mkononi na anataka kwenda nyumbani.

Barua iwe ukurasa mmoja. Tarehe, saa, chumba, jina lililo kwenye kitambulisho (kama hukuliona, eleza mavazi na zamu), maneno yenyewe yaliyosemwa bila kuyapamba, ulichoomba, ulichonyimwa, na unachotaka sasa: kuombwa radhi, kurejeshewa pesa, au kuhudumiwa na mwingine. Mpelekee mganga mfawidhi, nakala kwa Mganga Mkuu wa Wilaya. Peleka nakala mbili, na ile ya kwako igongwe mhuri wa kupokelewa. Sanduku la maoni halina mhuri, ndiyo maana barua inalishinda. Wiki mbili zikipita kimya, yanayohusu maadili ya daktari yaende Baraza la Madaktari Tanganyika, na ya muuguzi au mkunga yaende Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania. Kenya kuna mabaraza ya namna hiyo hiyo, na mahakama pia: mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Bungoma iliamuru mwanamke aliyejifungulia sakafuni hospitalini mwaka 2013, akapigwa na kutukanwa, alipwe shilingi milioni 2.5.

Kurusha video ya nesi mtandaoni kwanza ni kujichongea. Mjadala utakuwa juu ya video, na wewe ndiye utakayeitwa kujieleza.

Hofu ya kulipiziwa siku ya leba ipo na si ya kuchekwa. Anayejifungulia kituo hicho hicho anaweza kushikilia barua hadi baada ya kujifungua, au ikapelekwa na ndugu. Ila dalili ya mwili haishikiliwi hata siku moja kwa hofu hiyo.

Baada ya kujifungua kadi bado ina kazi. Kifafa cha mimba huweza kutokea hata mtoto akishazaliwa, hasa wiki ya kwanza, kwa hiyo kabla ya kuruhusiwa kutoka wodini uliza presha ngapi kwa ngapi, na kichwa kikali cha siku ya nne kikurudishe hospitali. Kadi ihifadhi. Aliyewahi kuwa na kifafa cha mimba aioneshe mapema kwenye mimba inayofuata, kabla ya wiki 20, kwa sababu kuna aspirini ya dozi ndogo ambayo daktari anaweza kumwanzishia kupunguza hatari, na haisaidii sana ikichelewa. Asiambiwe tena kwamba mimba ndivyo zilivyo.